Roma, London, Rumonge

Watu wawili waliosimamia mazungumzo ya amani ya Burundi kule Arusha walikuwa wasomaji wa tamthilia moja. Wa kwanza ni Mwalimu Julius Nyerere. Aliifasiri kwa Kiswahili Julius Caesar ya William Shakespeare, na tafsiri yake ikatoka mwaka 1963. Hakutosheka nayo. Aliipitia upya, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Wa pili ni Nelson Mandela. Katika gereza la Robben Island, mfungwa mwenzake Sonny Venkatrathnam alikuwa na kitabu cha kazi zote za Shakespeare, akakifunika kwa picha za miungu ya Kihindu ili askari wadhani ni kitabu cha dini. Kitabu kikazunguka kwa wafungwa, kila mmoja akitia saini kando ya maneno yaliyomgusa. Mandela alitia saini yake tarehe 16 Desemba 1977, katika Julius Caesar, pale Kaizari anapozungumzia woga na kifo.

Nyerere aliyaongoza mazungumzo ya Warundi mpaka mauti yalipomkuta tarehe 14 Oktoba 1999. Mandela akaipokea kazi, na mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Naamini hakuna tamthilia ya Kiingereza inayotuhusu sisi watu wa Rumonge, kwenye mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, kuliko hiyo waliyoisoma wote wawili. Inasimulia watu wenye heshima zao, wanaomuua kiongozi wakiamini kwamba wanaiokoa nchi. Siku ya kuua wameipanga vizuri: saa, mahali, nani aanze na nani afuatie. Siku ya pili yake hawakuipanga. Kaizari anakufa katikati ya mchezo, na nusu yote iliyobaki ni vita.

Nusu hiyo sisi tunaijua. Mwanamfalme Louis Rwagasore alishinda uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961, na chama chake cha UPRONA kikapata viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba, akiwa waziri mkuu kwa majuma mawili tu, alipigwa risasi wakati wa chakula cha jioni katika hoteli iliyo kando ya ziwa letu, mjini Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa enzi hizo. Aliyefyatua bunduki alikuwa Mgiriki, Jean Kageorgis. Miongoni mwa waliohukumiwa na kunyongwa kwa kuhusika walikuwamo wana wawili wa chifu Baranyanka, na hapo watu wakauona tena ugomvi wa zamani wa koo za kifalme, Wabezi na Watare, safari hii ukiwa umevaa sare za vyama vya siasa. Miaka 32 baadaye, tarehe 21 Oktoba 1993, wanajeshi walimuua Rais Melchior Ndadaye, aliyekuwa amechaguliwa mwezi Juni mwaka huo. Vita vilivyofuata vilidumu zaidi ya miaka kumi na kuchukua roho za watu wapatao 300,000. Mara zote mbili wauaji walihesabu siku moja tu.

Shakespeare aliuandika mchezo wake katika mji uliokuwa ukiishi na hofu ya namna hiyo. Mwezi Septemba 1599 Malkia Elizabeth wa Kwanza alitimiza miaka 66. Hakuwa ameolewa, hakuwa na mtoto, na alikataa kumtaja mrithi. Waingereza walikuwa bado wanasimuliana vita vya koo za York na Lancaster vilivyomalizika mwaka 1485, ambamo kila mfalme aliyeuawa alizaa madai ya mfalme mwingine. Swali la nani atakalia kiti lilikuwa midomoni mwa wote majumbani, lakini sheria ya mwaka 1571 ilikataza watu kuandika juu yake. Mbunge mmoja, Peter Wentworth, alilishikilia bila kuliachia, akafungwa katika Mnara wa London na akafia humo. Tangu mwaka 1559 amri ya malkia ilikuwa imekataza michezo ya kuigiza inayogusa dini na utawala, na kila tamthilia ilipitia mikononi mwa ofisa wa ikulu kabla ya kuigizwa. Mwezi Juni wa mwaka huo wa 1599 maaskofu waliamuru vitabu vya tashtiti vichomwe moto, wakataka pia kitabu chochote cha historia ya Uingereza kipate kibali cha baraza la malkia kwanza.

Miezi mitatu na nusu baada ya moto huo, tarehe 21 Septemba, mgeni kutoka Uswisi aitwaye Thomas Platter alivuka Mto Thames baada ya chakula cha mchana, akaingia katika jumba la michezo lililoezekwa kwa nyasi, akatazama watu wapatao 15 wakiigiza kifo cha Kaizari. Mchezo ulipokwisha waigizaji walicheza ngoma. Watazamaji waliosimama pale uwanjani hawakuruhusiwa kuulizana nini kitatokea mtawala akiuawa katika nchi yao. Waliruhusiwa kutazama ilikuwaje Roma, mahali pa mbali, zaidi ya miaka 1,600 nyuma. Ofisa wa ikulu alisoma akaona Warumi wamevaa shuka zao. Watu walitazama wakajiona.

Umuhimu wa umbali huo unaonekana ukitazama kilichotokea ulipokosekana. Katika tamthilia yake ya Richard II, Shakespeare alimwonyesha mfalme wa Uingereza mwenyewe akivuliwa taji. Tamthilia ilipochapishwa mwaka 1597, tukio la mfalme kukabidhi taji halikuwamo, na halikutokea katika chapa yoyote mpaka mwaka 1608, miaka mitano baada ya Elizabeth kufariki. Tarehe 7 Februari 1601 wafuasi wa kabaila mmoja, Earl wa Essex, waliwalipa waigizaji shilingi 40 za ziada ili wauigize mchezo huo wa zamani. Kesho yake Essex aliingia mitaani London na silaha, wananchi hawakumfuata, na kabla mwezi haujaisha alikatwa kichwa. Mwakilishi wa waigizaji aliitwa kuhojiwa. Waliponea chupuchupu, na somo wakalipata: jambo likiwa karibu mno na kidonda, hata kulitaja kunaweza kugeuka kuwa silaha mkononi mwa mtu.

Roma yenyewe haikumfikia Shakespeare moja kwa moja. Plutarch aliandika maisha ya Kaizari na ya Brutus, mmoja wa wauaji wake, kwa Kigiriki. Jacques Amyot aliyageuza kuwa Kifaransa mwaka 1559. Thomas North akayatoa katika Kifaransa hicho kuyatia katika Kiingereza mwaka 1579, na meza ya Shakespeare ilikuwa na kitabu cha North. Nyerere akaongeza pingili moja. Mrundi aliyesoma shule kwa Kifaransa na kujifunza Kiswahili gatini anaweza kuishika kamba hiyo kwenye ncha mbili tofauti, na asione aibu kuisoma tamthilia ya Kiingereza kwa Kiswahili. Hata Mwingereza aliyeiandika alikunywa katika kikombe cha wengine.

Si mara ya kwanza kwa jina la Shakespeare kulifikia ziwa hili. Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walifika Ujiji, kisha wakapanda mitumbwi na kupita mwambao wa Urundi wakielekea Uvira kuutafuta mdomo wa Mto Rusizi. Miongoni mwa vitabu vichache vya msafara wao, ambavyo walivisoma pamoja na kuvirudia, kilikuwamo cha Shakespeare. Lakini kitabu kilichopita ndani ya sanduku la mpelelezi hakikuwa na la kuwaambia wapiga makasia. Kilikuwa faraja ya mwenye sanduku. Ni mwaka 1867 tu, huko Zanzibar, Edward Steere wa misheni ya UMCA alichapa kijitabu cha hadithi nne zilizotokana na tamthilia hizo, ya mfalme Lear na ya mfanyabiashara wa Venisi zikiwamo, na ndipo watu wa Kiswahili walipoanza kuambiwa zinasema nini. Kutoka hapo hadi mwaka 1963 ni karibu miaka mia moja.

Katika Juliasi Kaizari kuna tukio fupi ambalo huwa nalisoma polepole. Antony, rafiki wa Kaizari, amekwisha kuhutubia, watu wamewaka, wanatafuta wauaji wa Kaizari wawachomee nyumba. Njiani wanakutana na mtu mmoja anayetembea peke yake. Wanamzunguka na kumuuliza maswali: jina lako nani, unakwenda wapi, unakaa wapi, umeoa au hujaoa. Wanataka ajibu haraka, kila mmoja na swali lake. Anajaribu kujibu vizuri, hata kwa utani kidogo, kama mtu anavyofanya anapotaka kuwapoza walevi. Kisha anataja jina lake: Cinna. Mmoja wa wauaji wa Kaizari anaitwa hivyo pia. Anapiga kelele kwamba yeye ni Cinna mwingine, mshairi, hakuua mtu. Wanamsikia. Kwa Plutarch mtu huyu aliuawa kwa kufananishwa, na basi. Shakespeare aliongeza kitu ambacho ndicho kinachonikosesha usingizi: watu wale wanaelewa kwamba siye, na bado wanamuua. Wanatafuta sababu nyingine papo hapo, wanasema mashairi yake ni mabaya, na mwisho wanasema jina linatosha.

Nani katika nchi hii anahitaji kuelezwa maana ya maswali yale? Unatoka wapi, baba yako nani, kwenu ni kilima gani. Tarehe 29 Aprili 1972 mashambulizi yalianza kusini, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwamo, na Watutsi wengi waliuawa. Kisha utawala wa wakati huo ukawageukia Wahutu, hasa waliokuwa wamesoma au waliokuwa shuleni, na idadi ya waliouawa katika miezi michache hukadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Mwaka 1993 maswali yalirudi, kila upande ukimuuliza mwenzake. Cinna alikuwa Mhutu, na Cinna alikuwa Mtutsi, na kila mara aliomba asikilizwe kwamba yeye ni mwalimu, au mwanafunzi, au mchuuzi wa ndagala tu.

Ila nchi hii ilitoa pia jibu ambalo Shakespeare hakulifikiria. Tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliingia katika seminari ndogo ya Buta, kwenye milima ya Bururi, mkoa ambao wakati huo Rumonge ilikuwa ndani yake. Waliwaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana hawakujitenga. Waliuawa 40. Cinna alikuwa peke yake njiani, hapakuwa na mtu wa kusimama naye. Kule Buta walisimama pamoja, na waliowauliza maswali hawakujibiwa. Kila ninapofundisha au kusimulia habari ya Cinna, naiweka ya Buta mara tu baada yake, kwa maana kijana anayesikia ya kwanza bila ya pili anaweza kudhani binadamu hana namna.

Kwa muda mrefu habari za mwaka 1972 hazikutajwa hadharani. Warundi husema neno linalokupenda hubaki tumboni, na watu wengi waliokoka kwa kuifuata hekima hiyo. Wajane waliwalea watoto bila kuwaambia baba yao alikwenda wapi. Hali ya London ya mwaka 1599 haikuwa nzito kama hiyo, lakini ilikuwa ya jamii hiyo hiyo: watu waliokuwa na jambo moja kubwa la kusema na hawana mahali pa kulisemea. Wao walipewa Roma. Naamini sisi wa Rumonge tumepewa Kiswahili.

Nenda mwaloni asubuhi, mitumbwi inaporudi na taa zake zimezimwa. Beseni la ndagala linawekwa chini, maji bado yanachuruzika, na bei inaanza kutajwa kwa Kiswahili. Mnunuzi ametoka Bujumbura, mvuvi ni wa Rumonge, mwenye madumu ya mawese anayengoja zamu yake ana ndugu Kigoma, na mama anayepanga migebuka pembeni alivuka kutoka Fizi, upande wa Kongo. Kirundi kinaingia katikati ya sentensi na kutoka. Hakuna anayemuuliza mwenzake kilima chake. Wahutu na Watutsi wote ni wenye Kirundi, wanapendana ndani yake na wamejeruhiana ndani yake, na kila kilichotendeka kina sauti yake katika lugha hiyo. Kiswahili kilikuja kwa maji pamoja na biashara, pamoja na misikiti, pamoja na watu wa Ujiji. Hakikuwa cha kabila lolote kati ya yale yanayogombana. Rwagasore alilijua hilo: Waswahili wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, walikuwa wafuasi wake wa mwanzo mjini, na ushirika wa wafanyabiashara alioanzisha ulikuwa nao ndani. Ukisimulia kwa Kiswahili habari ya Kaizari kwenye mchanga ule, msikilizaji anapata nafasi ya kutosha kusikia kabla ya kujilinda.

Nafasi hiyo inahitajika zaidi penye ardhi. Wakimbizi wa mwaka 1972 walikaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, nchini Tanzania, na watoto wao walisoma shule za huko kwa Kiswahili. Zaidi ya 160,000 walichukua uraia wa Tanzania. Maelfu wengine walirudi, hasa kuanzia mwaka 2008, na wengi wa wale waliofika Rumonge na Nyanza-Lac walikuta michikichi ya baba zao inavunwa na watu wengine. Huyu ana kumbukumbu ya kaburi la babu, yule ana karatasi ya serikali na amelima hapo miaka 30. Tume ya ardhi iliyoanzishwa mwaka 2006 kwanza iliegemea kugawana; baadaye, kuanzia mwaka 2011, ikaegemea kumrudishia mkimbizi chote. Kila njia iliacha mtu analia. Waliokosa kabisa walijengewa vijiji vya amani, kama kile cha Mutambara.

Nyerere alifasiri tamthilia ya pili ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969. Ndani yake mkopeshaji aitwaye Shylock ana hati halali ya deni, ameisubiri siku yake, na mahakama inakiri kwamba sheria iko upande wake. Anaombwa huruma, anakataa, anadai kila neno la hati. Mwishowe hati ile ile inasomwa kwa ukali zaidi kuliko alivyoisoma yeye, na anapoteza mali na hata dini yake. Wengi hushangilia hapo. Mimi nahuzunika, kwa kuwa hao waliomhubiria huruma hawakumwonea huruma zamu yao ilipofika. Kesi za michikichi zinakwenda hivyo hivyo: sheria inapinduka na watawala, aliyeshinda jana anashindwa leo, na anayeshinda leo anamwona mwenzake kama adui aliyepatikana. Mwenye kumbukumbu na mwenye karatasi wangeutazama mchezo huo wakiwa wamekaa benchi moja, kila mmoja angejua ni wakati gani alikuwa Shylock na ni wakati gani alikuwa jaji. Tume haikuweza kuwaambia hivyo.

Kuna watakaosema Kiswahili cha mwaloni ni kidogo mno kwa mzigo huo, lugha ya sokoni na ya wajanja wa mjini. Kiingereza nacho kilisemwa hivyo. Mwaka 1578 John Florio, aliyekuwa akiwafundisha Waingereza Kitaliano, aliandika kwamba lugha yao ina kazi ukiwa kwao, ila ukishavuka Dover haina thamani. Wasomi waliandika kwa Kilatini. Thomas More alikitoa kitabu chake Utopia kwa Kilatini mwaka 1516. Kiingereza kilikua katika kizazi kile kwa sababu watu wake walithubutu kukitwisha mambo mazito: vifo vya wafalme, wivu, deni, toba. Kilikopa maneno kila bandarini bila kuona haya. Lugha hupata uzito kwa kubebeshwa, na Kiswahili cha Rumonge kimekwisha kubeba ukimbizi, ndoa, misiba na biashara ya nchi tatu.

Umbali nao haukusudiwi kudumu. Lile tukio la mfalme kukabidhi taji lilichapwa mwaka 1608, hofu ilipopungua, na Waingereza wakaweza kulisoma juu ya mfalme wao wenyewe, kwa jina lake. Roma iliwazoesha kusikia. Ndivyo ninavyotamani kwetu. Burundi inawafundisha watoto Kiswahili na Kiingereza tangu shule ya msingi, na tangu mwaka 2014 Kiingereza ni lugha rasmi. Watoto wanajifunza salamu, hesabu za sokoni, majina ya wanyama. Wapewe pia Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Waziigize uwanjani kwa Kiswahili chao, wazazi wakiwa wamesimama kutazama, mkimbizi aliyerudi na jirani aliyebaki. Watakapokwisha kuizoea Roma na Venisi, waandike ya Rumonge, wayataje majina ya vilima, ya mashamba na ya watu. Nyerere na Mandela waliwakalisha wakubwa wa vyama meza moja kwa miaka miwili, na mkataba waliouacha unajua kugawa viti vya serikali na vyeo vya jeshi. Kumfundisha kijana wa miaka 15 kukataa kujitenga anapoamriwa ni kazi ambayo mkataba hauwezi, na mwalimu wa Kiswahili mwenye tamthilia mkononi anaweza kuianza Jumatatu.